Genovese, Gambino au Chicago: nani alikuwa na eneo kubwa zaidi?

Swali: Ninaandaa makala ya historia kuhusu mafia ya Marekani. Nimechora ramani na kuipa kila familia, yaani kila kundi la mafia, rangi yake, lakini rangi zinapandana. Karibu familia zote tano za New York zinadai Manhattan ni yao, na New Jersey nimehesabu familia saba. Kati ya Genovese na Gambino, nani alitawala eneo kubwa zaidi? Na Chicago, yenye familia moja tu, inalinganishwaje nao?

Jibu:

Hujakosea kusoma. Rangi zako zinapandana kwa sababu familia za New York hazikugawana mitaa. Ziligawana kazi: zege, samaki, taka, gati, shehena za ndege, malori ya nguo. Waliogawana ardhi ni Chicago, ndiyo maana ramani ya Chicago inachoreka na ya New York inakataa. Ukizipima zote mbili kwa kilomita za mraba, utapata jibu lenye tarakimu nzuri na lisilo na maana. Pima mambo mawili: nani ameshika lango ambalo biashara haina budi kupita, na nani anayeombwa ruhusa.

Majina yenyewe yanakudokeza. Sicily, familia huitwa kwa mahali: Corleone ni mji, Porta Nuova ni sehemu ya Palermo. Mtu akitaja familia yake amekwisha kukutajia mipaka. New York ilienda njia nyingine. Salvatore Maranzano alipouawa ofisini kwake Park Avenue tarehe 10 Septemba 1931, yalibaki makundi matano, nayo yakaja kujulikana kwa majina ya watu. La Lucky Luciano ndilo Genovese, la Vincent Mangano ndilo Gambino, la Gaetano Gagliano ndilo Lucchese, la Joseph Profaci ndilo Colombo, na la Joseph Bonanno likabaki na jina lake. Uanachama ulimfuata mtu. Askari wa Gambino, yaani mwanachama wa kawaida, akihamia Florida, alibaki wa Gambino, na bahasha yake ya fedha iliendelea kwenda New York. Chicago wao walijiita Outfit tu, na vikosi vyao vikaitwa kwa sehemu: Elmwood Park, Cicero, Grand Avenue, Chicago Heights, Mtaa wa 26.

Chukua Manhattan ya chini katikati ya miaka ya 1980. Klabu ya Ravenite, alikopokelea watu John Gotti wa Gambino, ilikuwa namba 247 Mulberry Street. Klabu ya Triangle, ya Vincent Gigante wa Genovese, ilikuwa namba 208 Sullivan Street. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo mfupi wa miguu. Hakuna mpaka uliopita katikati, na hakuna aliyeuhitaji. Duka lililokuwa kati yao halikuwa la Gambino wala la Genovese kwa sababu ya mtaa lilipo. Mwenye duka angeweza kukopa kwa riba ya kuumiza kutoka kwa mtu wa Gambino, taka zake zikazolewa na kampuni iliyo chini ya Genovese, na mzigo wake wa nguo ukabebwa na lori la familia nyingine tena.

Lango, si mtaa

Anza na zege, kwa kuwa hesabu zake zilianikwa mahakamani katika kesi ya Kamisheni, iliyokwisha kwa viongozi kutiwa hatiani tarehe 19 Novemba 1986. Kamisheni, kwa ufupi, ni baraza la mabosi lililoundwa mwaka 1931 ili kuamua migogoro kati ya familia.

Zege likishachanganywa ndani ya lori, una kama dakika 90 kulimwaga kabla halijaanza kushika. Mtu anayeweza kuchelewesha lori hilo njiani, au kuwatoa wamwagaji kazini nguzo ikiwa nusu, amemkaba mkandarasi koo bila kumgusa. Madereva wa malori walikuwa wanachama wa Tawi la 282 la Teamsters, chama cha madereva wa malori, na humo mkono wa Gambino ulikuwa mrefu. Wamwagaji walikuwa chini ya baraza la wilaya la wafanyakazi wa saruji na zege, ambalo rais wake, Ralph Scopo, alikuwa mtu wa Colombo. Juu ya hao kulikuwa na kampuni ya S&A Concrete, ambamo Anthony Salerno wa Genovese na Paul Castellano wa Gambino walikuwa na fungu la chini kwa chini.

Mgao ulikwenda hivi. Mkataba wa zege usiozidi dola milioni 2, mkandarasi alitoa asilimia 1 kwa Colombo. Kati ya milioni 2 na milioni 15, kazi zilizungushwa ndani ya kundi dogo la kampuni lililoitwa klabu. Mshindi alipangwa kabla ya zabuni kufunguliwa, wengine wakaandika bei za juu makusudi, na asilimia 2 ikagawanywa kwa familia nne: Genovese, Gambino, Lucchese na Colombo. Zaidi ya milioni 15, mkataba ulikuwa wa S&A, na wengine hawakutakiwa hata kuunyemelea. Kwa hiyo mkataba wa dola milioni 10 ulitoa dola 200,000 kabla ya mtu kukanyaga eneo la ujenzi. Sasa ghorofa hilo la Manhattan utalipaka rangi ipi? La Colombo, kwa kuwa Scopo ndiye mkusanyaji? La Gambino, kwa ajili ya malori? Ukilipaka rangi yoyote moja umemdanganya msomaji wako.

Bonanno hawapo kwenye mgao huo, na sababu yake inafaa kuandikwa pembeni ya ramani. Mpelelezi wa FBI, Joseph Pistone, alikaa ndani yao kwa jina la Donnie Brasco kuanzia 1976 hadi 1981. Ilipojulikana, wenzao wakawafungia mlango wa Kamisheni. Familia ikapoteza nguvu mjini bila kupoteza mtaa hata mmoja.

Soko la samaki la Fulton linaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Kwa ukubwa lilikuwa mitaa michache tu kando ya South Street. Lakini samaki wa pwani nzima ya mashariki walishushwa pale, na kazi ya kushusha ilikuwa mikononi mwa vikosi ambavyo Genovese walivishika kupitia Tawi la 359 la wafanyakazi wa samaki, tangu enzi za Joseph Lanza. Asiyeelewana nao, lori lake lilisubiri. Barafu ikayeyuka, samaki wakashuka bei kila saa. Hakukuwa na haja ya kuvunja dirisha la mtu. Serikali ilikwenda mahakamani mwaka 1987 kulitenganisha tawi hilo na familia, na miaka ya 1990 jiji likaanza kutoa leseni zake lenyewe. Kwenye ramani yako lile ni doa dogo, ilhali mkono wake ulifika mbali kuliko mitaa yote uliyoipaka rangi ya Genovese.

Kuna kosa moja ninaloliona katika karibu kila ramani ya aina hii: gati zinachorwa kana kwamba hazikubadilika. Kwa muda mrefu gati za Brooklyn zilikuwa za Gambino, kupitia Tawi la 1814 la chama cha makuli, lililoongozwa na Anthony Anastasio, ndugu wa Albert Anastasia, aliyekuwa bosi wa familia hiyo kabla ya Carlo Gambino. Anastasio alipofariki mwaka 1963 akafuata mkwe wake, Anthony Scotto, aliyetiwa hatiani mwaka 1979. Gati za magharibi ya Manhattan na za New Jersey zilielemea Genovese. Mwaka 1950 ungesema wanakaribiana. Kisha, tarehe 26 Aprili 1956, meli Ideal-X iliondoka Newark ikiwa na makontena 58, na mwaka 1962 kituo cha makontena cha Elizabeth kikafunguliwa. Kontena linahitaji uwanja mpana wa kuyapanga na barabara kubwa ya malori, vitu ambavyo Brooklyn haikuwa navyo. Mizigo ikahamia ng'ambo. Hakuna risasi iliyopigwa wala kikao kilichoitishwa, lakini uzito wa bandari ulitoka kwa Gambino ukaelekea kwa Genovese. Kwa hiyo ramani isiyo na mwaka juu yake usiiamini, hata kama umeichora mwenyewe.

Uwanja wa ndege wa JFK nao unachanganya. Uko Queens, na klabu ya Bergin ya kina Gotti ilikuwa Ozone Park, jirani kabisa. Mchoraji wa haraka ataupa Gambino. Lakini shehena za pale, kupitia matawi ya Teamsters ya 295 na 851, zilikuwa zaidi ya Lucchese. Wizi wa ghala la Lufthansa wa tarehe 11 Desemba 1978, wa takriban dola milioni 5 taslimu pamoja na vito vya kama dola 875,000, ulifanywa na kundi lililokuwa chini ya mwavuli wa Lucchese. Watu wa Gambino waliiba mizigo JFK pia, na Gotti mwenyewe alifungwa kwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuiba mahali si sawa na kupashika, na uzi huo ni mwembamba: mwizi huchukua boksi, ila mwenye lango hulipwa ili maboksi mengine yasiibwe.

Nani anaombwa ruhusa

Hapa ndipo ushawishi wa kikanda unapopimika kweli. Njoo New Jersey, uliyohesabu familia saba. Hesabu yako ni sahihi: tano za New York, DeCavalcante walioketi Elizabeth, na Philadelphia kutoka kusini. Wote walikula katika jimbo moja. Tofauti yao ilionekana jambo lilipokuwa kubwa, mtu akalazimika kuuliza.

Tarehe 21 Machi 1980, Angelo Bruno, bosi wa Philadelphia, aliuawa kwa bunduki akiwa ndani ya gari mbele ya nyumba yake. Wakati huo kasino za Atlantic City zilikuwa zimeruhusiwa kwa kura ya mwaka 1976, ya kwanza ikafunguliwa 1978, na kila familia ilikuwa ikiutazama ule ufukwe. Aliyepanga mauaji alikuwa mshauri wa Bruno mwenyewe, Antonio Caponigro, aliyekuwa na kamari nzito Newark. Kwa maelezo ya mashahidi wa baadaye, Caponigro aliamini amepata idhini ya Kamisheni kupitia Frank Tieri wa Genovese, mtu ambaye tayari walikuwa wamegombana naye juu ya kamari ileile. Idhini haikuwepo. Mwezi uliofuata maiti ya Caponigro ilikutwa Bronx ndani ya gari, imesokomezewa noti za dola. Ulaji wake wa kaskazini ya jimbo ukaangukia Genovese.

Philadelphia walikuwa na askari wao Newark, mapato na historia. Walichokosa ni uwezo wa kumuua bosi bila kuuliza New York, na aliyeulizwa alikuwa Genovese. Mstari wa ruhusa kutoka Newark hadi East Harlem, ngome ya Genovese, unakueleza zaidi kuliko rangi yoyote. Kama una nafasi ya kuchora kitu kimoja tu New Jersey, chora mstari huo.

Kaskazini kuna mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu una mpaka halisi wa kijiografia na bado haukuheshimika. Inasemwa mara nyingi kwamba mto Connecticut ulitenganisha himaya ya Patriarca, waliokaa Providence na Boston, na ile ya Genovese. Mashariki ya mto ni Patriarca, magharibi Genovese. Vizuri. Fungua ramani ya kawaida sasa. Springfield ya Massachusetts, kituo cha kikosi cha Genovese kwa miongo mingi, iko ukingo wa mashariki. Na William Grasso, makamu wa bosi wa Patriarca, alikuwa mtu wa New Haven, magharibi ya mto, na alikusanya huko Connecticut kwa mkono mzito hadi jirani zake wa New York wakakereka. Juni 1989 maiti yake iliopolewa ukingoni mwa mto huohuo, huko Wethersfield, karibu na Hartford. Waliomuua walitoka upande wa familia yake mwenyewe. Grasso alikuwa ndiye uzio wa Patriarca huko Connecticut, na alipoondoka uzio ukalegea. Mpaka ulikaa mahali ulipokaa kwa sababu kulikuwa na mtu mgumu amesimama pale.

Chicago

Chicago unaweza kuipaka rangi bila aibu. Ndani ya mji na vitongoji vyake, mtu yeyote aliyeendesha kamari, ukahaba, vitabu vya ngono au wizi wa magari kwa ajili ya vipuri alitakiwa kulipa kodi ya mtaani kwa kikosi cha eneo hilo. Hakutakiwa awe mwanachama, wala Mwitaliano. Alitakiwa awe mle ndani ya mpaka tu. Hii ndiyo tofauti ya msingi na New York, ambako mcheza kamari wa kujitegemea angeweza kuuliza, "Ninalipa kwa nani?" na kupata majibu matatu. Chicago alipata jibu moja, na aliyekataa alipata onyo moja. Kesi ya Family Secrets, iliyofikishwa mahakamani mwaka 2005 na kusikilizwa 2007, iliorodhesha mauaji 18 ya nyuma, na baadhi yake yanahusu nidhamu hiyo ya ndani.

Nje ya Chicago mambo yanageuka, nako unahitaji mistari badala ya rangi. Milwaukee na Rockford zilikuwa na mabosi wao, lakini neno la mwisho lilitoka Chicago. Las Vegas ilihesabiwa mji wa wazi: hakuna familia iliyoumiliki, yeyote angeweza kuwekeza. Kwa nadharia. Kwa vitendo, angalia kesi ya uchotaji wa fedha za kasino iliyohukumiwa Kansas City mwaka 1986. Fedha za kujengea na kununulia kasino zilikopwa kutoka mfuko wa pensheni wa Teamsters wa majimbo ya kati. Mkopo wa kwanza kwa kampuni ya Argent, mwaka 1974, ulikuwa dola milioni 62.75, na kampuni hiyo ikashika kasino za Stardust na Fremont. Kisha noti zikachotwa chumba cha kuhesabia kabla hazijaandikwa, zikasafirishwa kwa mkono hadi Kansas City, Milwaukee, Cleveland na Chicago.

Hapo katikati, Frank Balistrieri wa Milwaukee na Nick Civella wa Kansas City waligombania mgao. Wakapeleka shauri Chicago kwa wakuu wa Outfit, Joseph Aiuppa na Jackie Cerone. Hao wakaamua, na ada yao ya uamuzi ikawa robo ya kinachochotwa. Umeelewa hapo? Chicago haikuleta mkopo wala haikuwa mwenye wazo, ila kwa kuwa ndiyo iliyoombwa kuamua, ilitoka na asilimia 25. Ukitaka kipimo kimoja cha ushawishi wa kikanda katika historia nzima ya mafia ya Marekani, mimi ningechukua hicho.

Genovese walikuwa na kitu kinachofanana upande wa mashariki, ingawa hakikuja na asilimia. Familia nyingi nje ya New York hazikuwa na kiti kwenye Kamisheni, zilisemewa na familia yenye kiti. Angelo Lonardo, aliyekuwa makamu wa bosi Cleveland kabla ya kugeuka shahidi, alieleza kwamba Cleveland ilisemewa na Genovese, na miji kama Milwaukee ikasemewa na Chicago. Roy Williams alipotakiwa kuwa rais wa Teamsters mwaka 1981, na Jackie Presser mwaka 1983, watu wa Cleveland walifunga safari kwenda kwa pande zote mbili, Chicago na kwa Salerno New York, kutafuta kuungwa mkono. Hawakwenda kwa Gambino kwanza, japo Gambino wakati huo walikuwa na wanachama wengi na fedha nyingi. Hilo lisikupite.

Familia tatu zilizobaki nitazigusa tu. Bonanno walikuwa dhaifu nyumbani na wenye mkono mrefu ugenini: Montreal ilikuwa tawi lao tangu Carmine Galante alipopelekwa huko miaka ya 1950, na hata mauaji ya makapteni (wakuu wa vikosi) wao watatu huko Brooklyn tarehe 5 Mei 1981 yalishirikisha watu kutoka Canada, akiwemo Vito Rizzuto, aliyekiri mwaka 2007. Lucchese walikuwa wachache, wenye malango mazuri, na kikosi cha New Jersey kilichokaribia kujitegemea. Colombo wapake mwisho, kwa penseli. Zege liliwapa nguvu kuliko idadi yao, na vita vyao vya ndani vya 1991 hadi 1993 vikawamaliza. Buffalo usiisahau kama makala yako inafika Canada: Stefano Magaddino alikuwa na kiti kwenye Kamisheni tangu mwanzo, na mkono wake ulivuka mpaka hadi Hamilton na Toronto.

Mahali utakapoteleza

Idadi ya wanachama ndiyo mtego wa kwanza. Daftari la kuapisha wapya lilifungwa mwaka 1957 na halikufunguliwa hadi 1976. Katikati ya miaka hiyo familia zilikua kwa wapambe wasioapishwa, na hao hawamo katika orodha nyingi. Ukilinganisha orodha ya 1963 na ya 1983 utaona familia "zimesinyaa" mahali ambapo mapato yalikuwa yakipanda. Na orodha za polisi huandika anwani ya nyumbani. Kapteni wa Genovese analala New Jersey, anakusanya Manhattan. Ukipaka kwa anwani, unapaka vitanda.

Mtego wa pili ni kelele. Gotti alipendwa na kamera, kwa hiyo kati ya 1986 na kutiwa hatiani kwake tarehe 2 Aprili 1992, magazeti yalimfanya Gambino aonekane yuko kila kona. Gigante wakati huohuo alitembea Greenwich Village akiwa amevaa joho la kuogea, akijifanya mgonjwa wa akili, na watu wake walikatazwa kutaja jina lake, wakagusa kidevu badala yake. Familia iliyonyamaza hupungua kwenye ramani, na Genovese walinyamaza kwa makusudi. Mwaka 1986 jarida la Fortune lilimweka Salerno juu kabisa katika orodha yake ya wakubwa wa mafia. Baadaye Vincent Cafaro, mtu wa karibu wa Salerno, alieleza kwamba Salerno alikuwa bosi wa kuonyesha tu. Kama jarida la biashara lilikosa jina la mkubwa, usione aibu ukikosa mpaka wa mtaa.

Mtego wa tatu ni hati za mashtaka. Zina thamani kubwa, hasa aya zinazoeleza muundo wa familia na matawi ya vyama iliyoyashika. Lakini idadi ya mashtaka katika wilaya fulani hupima pia juhudi za mwendesha mashtaka wa pale. Baada ya sheria ya RICO ya 1970, inayoruhusu kushtaki genge zima kama taasisi moja, ilichukua takriban muongo mzima kabla haijatumika dhidi ya bosi kama bosi. Tieri alikuwa wa kwanza, mwaka 1980. Ukimya wa mahakama katika miaka ya 1970 usiusome kama ukimya wa mitaani.

Jibu lako, na namna ya kuirekebisha ramani

Chagua mwaka. Kwa mwaka 1980 mimi ningejibu hivi. Kwa upana wa kuombwa ruhusa na kusemea wengine, Genovese wanaizidi Gambino waziwazi: New Jersey ya kaskazini, Springfield, sehemu ya Connecticut, na sauti ya Cleveland mezani. Kwa uzito wa fedha na watu ndani ya New York, hasa Brooklyn, Queens na Staten Island, Gambino wanalingana nao au wanawapita kidogo, kwa kuwa urithi wa Carlo Gambino, aliyefariki Oktoba 1976, ulikuwa bado mzima. Kwa ardhi iliyoshikwa na familia moja bila mshirika, Chicago inawashinda wote wawili pamoja. Kwa mwaka 1987 lazima uandike upya, maana Aiuppa na Cerone wako gerezani, Castellano ameuawa mbele ya mgahawa wa Sparks tarehe 16 Desemba 1985, na Salerno amepewa miaka 100.

Kuhusu mchoro, tumia karatasi tatu nyembamba zinazoonyesha kilicho chini yake, zenye mwaka uleule, uziweke moja juu ya nyingine. Ya kwanza iwe ya malango: nukta kwa kila soko, gati, uwanja wa ndege na tawi la chama, na pembeni ya nukta uandike familia na kazi. Penye washirika, igawe nukta vipande. Ya zege itakuwa na vipande vinne. Ya pili iwe ya mistari ya ruhusa, mshale ukitoka kwa anayeomba kwenda kwa anayeombwa, na usichore mshale ambao huna tukio la kuutetea. Ya tatu iwe ya rangi za ardhi. Paka Chicago, paka Providence hadi Boston, paka Buffalo. New York iache nyeupe, na chini yake uandike sentensi moja ya kueleza kwa nini.